Namna ya kuuandika msafara wa vita wa zama za kati: Wabizanti dhidi ya amirati ya Krete, 960–961

Wengi wanaojaribu kuandika habari za vita vya zama za kati huanza na mapigano, na huko ndiko wanakokwama, kwa sababu sehemu ya mapigano ndiyo iliyopambwa zaidi na waandishi wa kale na ndiyo ngumu kuthibitisha. Napendekeza njia nyingine: mwandishi aanze na meli, maji, nafaka na kambi, ili atakapofika kwenye ukuta wa mji uliozingirwa awe tayari anajua jeshi lile liliwezaje kufika pale na, jambo lililo gumu zaidi, kubaki pale. Mfano nitakaoufuata ni msafara wa Nikephoros Phokas, jemadari wa Wabizanti (yaani ufalme wa Kirumi wa mashariki, wenye makao Konstantinopoli, Istanbul ya leo), dhidi ya Waislamu wa Krete, ulioshuka kisiwani tarehe 13 Julai 960 na kumalizika kwa kuanguka kwa mji wa Chandax tarehe 6 Machi 961. Nimeuchagua kwa kuwa tarehe zake kuu zinajulikana hadi siku, kwa kuwa umeandikwa na Wagiriki na Waarabu pia, na kwa kuwa misafara iliyoutangulia na kushindwa imetuachia hesabu za bohari ambazo kwa vita vingi vya karne ile hatuna.

Anza nyuma ya msafara wenyewe

Mwaka 960 amirati ya Krete, yaani dola ya Waislamu iliyotawaliwa na amiri, ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 130, na msomaji asiyeelezwa hilo atadhani kwamba Wabizanti walikuwa wakiwafukuza wavamizi wa juzi. Waanzilishi wake walikuwa watu wa Andalusia waliofukuzwa Kurtuba (Cordoba ya Hispania) baada ya uasi wa kitongoji cha ar-Rabad mwaka 818 dhidi ya amiri al-Hakam wa Kwanza. Kundi lao moja liliishia Aleksandria, likaushika mji huo kwa miaka kadhaa, mpaka Abdallah ibn Tahir, aliyetumwa na khalifa al-Ma'mun, alipowalazimisha kuondoka. Wakiongozwa na Abu Hafs Umar walivuka hadi Krete katika miaka ya 820, wakajenga kwenye pwani ya kaskazini mji uliozungukwa na handaki kubwa, al-Khandaq, ambao Wagiriki waliuita Chandax na ambao leo ni Heraklion. Waliotetea kuta zake mwaka 960 walikuwa wazao wa watu hao, wazaliwa wa kisiwani.

Baada ya hapo andika orodha ya majaribio ya Wabizanti yaliyoshindwa, nayo ni ndefu. Kulikuwa na misafara kadhaa katika miaka ya 820 yenyewe. Mwaka 843 akaenda Theoktistos. Mwaka 866 Bardas aliuawa kwenye pwani ya Asia Ndogo (Uturuki ya leo) kabla jeshi lake halijapanda meli. Mwaka 911 akaenda Himerios, ambaye meli zake ziliangamizwa mwaka uliofuata zikirudi. Na mwaka 949 akaenda Constantine Gongyles. Usiichukulie orodha hii kama pambo la utangulizi. Kaisari Romanos wa Pili alipotaka kutuma msafara mwingine, wakubwa wa baraza walimpinga kwa kumkumbusha hasara hizo hizo za watu na fedha pamoja na hatari za bahari, na waziri wake mkuu, Joseph Bringas, ndiye aliyesimama upande wa kwenda. Hotuba ya Bringas iliyomo vitabuni ni utunzi wa mwandishi, wala isinukuliwe kana kwamba kuna karani aliyeiandika siku ile. Lakini pingamizi zinazojibiwa ndani yake ni za kweli, maana kila moja inalingana na msafara tunaoujua. Ulikuwapo pia uvumi kwamba atakayeitwaa Krete atakuwa kaisari. Uandike, lakini uandike kwa tahadhari: Nikephoros alitawazwa Agosti 963, na uvumi unaotimia kwa namna hiyo aghalabu huwa umenyooshwa na waliouandika baadaye.

Katika majaribio yote, lisome la mwaka 949 kwa makini kuliko mengine. Katika kitabu cha taratibu za ikulu kilichokusanywa chini ya kaisari Constantine wa Saba zimehifadhiwa orodha za matayarisho ya mwaka 911 na ya mwaka 949: ngao, deraya, kofia za chuma, makasia, matanga, ngozi, misumari, pamoja na mishahara ya mabaharia, wakiwamo Warusi 700 waliokodiwa mwaka 911. Karatasi hizi za makarani haziwezi kukuambia nani alikuwa shujaa, ila zitakuambia meli moja ilibeba watu wangapi na ilihitaji nini, na hilo utalitumia tutakapofika kwenye idadi.

Wajue waandishi wako

Kabla ya kuandika sentensi hata moja ya simulizi, tengeneza jedwali la safu nne: tukio, tarehe, nani analisimulia, na aliandika lini. Safu ya nne ndiyo itakayokulinda. Mwandishi anayenukuliwa zaidi kuhusu Krete ni Leo Shemasi, na wasomaji wengi humchukua kama shahidi aliyekuwapo; kumbe alizaliwa karibu na mwaka 950, kwa hiyo alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi Chandax ilipozingirwa, na aliandika kuelekea mwisho wa karne. Zaidi ya hayo alimpenda Nikephoros, na alipokosa maneno ya kueleza vita aliyaazima kwa Agathias, mwanahistoria wa karne ya 6. Kwa hiyo ukikuta kwake maelezo mazuri mno ya jinsi ukuta ulivyochimbwa, jiulize ni kiasi gani kinatoka Chandax na ni kiasi gani kinatoka katika maktaba yake.

Theodosios, naye shemasi, yuko karibu zaidi na tukio kwa wakati. Alitunga shairi la sehemu tano kuhusu kutekwa kwa Krete akikusudia kumpelekea Romanos. Kaisari huyo alipofariki Machi 963, shairi likawekwa mbele ya Nikephoros. Shairi la kumsifu mtawala lina kanuni zake: maadui lazima wawe wengi, hofu yao lazima iwe kubwa, na mshindi lazima awe amesukumwa na Mungu. Hata hivyo usilitupe, kwa maana mtunzi aliyeandika miaka miwili baada ya vita, kwa watu waliopigana vita hivyo, asingeweza kubuni kila kitu. Mwendelezo wa kitabu cha historia cha Theophanes nao unatoa habari nyingi juu ya enzi ya Romanos na unampa Bringas heshima ambayo Leo hampi. John Skylitzes aliandika mwishoni mwa karne ya 11, na michoro maarufu inayopamba nakala ya kitabu chake iliyoko Madrid ilichorwa Sicily katika karne ya 12. Ukiitumia michoro hiyo kueleza deraya na mitambo ya mwaka 960, utakuwa unaeleza silaha za miaka mia mbili baadaye.

Kwa upande wa Waarabu anza na al-Qadi an-Nu'man, kadhi wa Wafatimiya (nasaba ya makhalifa wa Kishia), aliyeishi wakati ule ule na kuhifadhi habari za ujumbe wa Wakrete kwa khalifa al-Mu'izz. Fuatia na Yahya wa Antiokia, Mkristo aliyeandika kwa Kiarabu katika karne ya 11. An-Nuwayri, aliyefariki 1333, yuko mbali sana na tukio, lakini aliwasoma waandishi ambao vitabu vyao vimepotea. Sarafu nazo ni chanzo: majina ya maamiri wa Krete na mfuatano wao yamesahihishwa sana kwa sarafu walizozipiga wenyewe, kwani Wagiriki waliyapotosha majina. Amiri wa mwisho, Abd al-Aziz ibn Shu'ayb, kwa Wagiriki ni Kouroupas, na mwanawe an-Nu'man ni Anemas. Usipoandika majina yote mawili kwenye jedwali lako mapema, utajikuta umewafanya watu wawili kuwa wanne.

Linganisha kalenda

Mwaka wa Kibizanti ulianza tarehe 1 Septemba, na miaka ilihesabiwa tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Ili kuupata mwaka wetu, toa 5508 kwa tarehe za Januari hadi Agosti, na 5509 kwa tarehe za Septemba hadi Desemba. Kwa hesabu hiyo jeshi lilishuka Krete mwaka 6468 na mji ukaanguka mwaka 6469, ingawa kati ya mambo hayo mawili haikupita hata miezi minane. Mtu asiyejua kwamba Septemba ilikatiza katikati anaweza kuurefusha mzingiro kwa mwaka mzima.

Kwa Hijria, msomaji wa pwani yetu ana wepesi ambao wengine hawana, kwa kuwa miezi yenyewe ameizoea. Tarehe 6 Machi 961 inaangukia katikati ya Muharram, yaani Mfungo Nne, mwaka 350. Tarehe 13 Julai 960 inaangukia katikati ya Jumada al-ula 349. Faida yake si kuandika tarehe mbili kwa mpigo tu. Mwezi wa Hijria hufuata mwandamo, hivyo ukishapata tarehe unajua usiku ulikuwaje: jeshi lilishuka mbalamwezi ikiwa pevu au karibu kupevuka, na mji ulitekwa katika hali hiyo hiyo. Leo Shemasi anaposimulia shambulio la usiku ambalo Wabizanti waliongozwa na mwanga wa mwezi, utajua angalau ni nusu ipi ya mwezi wa kulitafutia nafasi.

Chora njia ya baharini

Fungua ramani ya Bahari ya Aegea na uweke alama kwa mkono wako. Meli zilikusanyika Phygela, karibu na Efeso. Katika hati zile za mwaka 949 ipo orodha ya vituo kutoka Konstantinopoli hadi Krete, na ni vizuri kuifuata kituo kwa kituo: Herakleia, Prokonnesos, Abydos, Tenedos, Mitylene, Chios, Samos, Phournoi, Naxos, Ios, Thera, na hatimaye kisiwa kidogo cha Dia, kilichoko karibu kilomita 12 mbele ya Chandax. Ukishazipanga alama utaona jambo ambalo maneno huchelewa kulieleza: kutoka kisiwa kimoja hadi kingine ni mwendo mfupi, isipokuwa mwishoni, ambapo kati ya Thera na Krete kuna zaidi ya kilomita 100 za maji matupu. Meli ya vita ya makasia ilijaa watu na haikuwa na nafasi ya mapipa mengi, kwa hiyo kila kituo kilikuwa kisima kabla ya kuwa bandari. Zingatia na majira. Julai na Agosti ndio wakati wa upepo mkali wa kaskazini ambao Wagiriki wa leo huuita meltemi. Upepo huo unaisukuma meli kwenda Krete, na ndio huo huo unaoizuia kurudi. Jeshi lililoshuka Julai lilikuwa limejifunga, na maamuzi ya Nikephoros ya wiki za mwanzo yasomwe kwa kulikumbuka hilo.

Pima kila idadi kwa mkate na maji

Katika sehemu hii ningemwomba mwandishi asiwe na haraka. Vitabu vya historia vya Kigiriki vinasema Nikephoros alikuwa na meli za vita 2,000 zenye moto wa Kigiriki (kimiminika cha kuwaka kilichorushwa kwa adui), dromoni (meli kubwa za vita za makasia) 1,000, na meli za mizigo zaidi ya 300, jumla zaidi ya 3,300. Idadi hii inanakiliwa kila mahali. Ichukue na uifanyie hesabu.

Hati za ikulu zinatuonyesha kwamba kikosi cha kawaida cha meli moja ya vita kilikuwa watu 108, na kwamba dromoni kubwa iliweza kubeba hadi 300, kati yao wapiga makasia 230 na askari 70. Chukua zile meli 2,000 peke yake, na uzipe kila moja watu 108 tu: tayari una watu 216,000, nawe hujamhesabu hata mmoja wa kwenye dromoni, hujahesabu wapanda farasi, hujahesabu farasi. Mpe kila mtu kilo moja ya mkate mkavu kwa siku, nayo si nyingi kwa mtu anayevuta kasia; unahitaji tani 216 kila siku. Mpe lita nne za maji, nazo ni kidogo chini ya jua la Julai. Unahitaji lita 864,000 kila siku, zitolewe kwenye visima vya visiwa kama Ios na Thera. Huhitaji kuwa mwanahistoria kuona kwamba jambo hilo haliwezekani. Ufalme haukuwa na watu wa namna hiyo wa kuwatoa, na kama ungekuwa nao wangekufa kwa kiu kabla ya kumwona adui.

Je, uandike nini badala yake? Andika kwamba vyanzo vinataja zaidi ya meli 3,300, eleza kwa sentensi moja kwa nini idadi hiyo haikubaliki, kisha useme kwamba jeshi lilikuwa kubwa kuliko yaliyotangulia, la makumi ya maelfu, kwa ushahidi wa mambo liliyoyafanya: liliuzingira mji kwa nchi kavu kutoka ufuo hadi ufuo, likaulinda upande wa bahari, na bado likabaki na watu wa kutuma milimani. Fanya hivyo hivyo kwa Waislamu 40,000 ambao Leo anasema walikusanyika milimani kuja kuukomboa mji, na kwa idadi kubwa za waliouawa na kuchukuliwa utumwani zinazotajwa na waandishi wa Kiarabu waliofuata. Kipimo kimoja kitumike kwa pande zote. Mwandishi anayepunguza idadi za Wagiriki na kuziacha za Waarabu zilivyo, au kinyume chake, amekwisha kuchagua upande bila kumwambia msomaji.

Iandike kambi kabla ya kuuandika ukuta

Mwaka 949 Gongyles alishuka Krete akiwa na jeshi lililokamilika na meli zilizojaa vifaa, kama orodha za bohari zinavyoshuhudia. Hakujenga kambi yenye boma, hakuweka walinzi wala wapelelezi, na Waislamu walipogundua uzembe huo walimshambulia ghafla, wakaua na kuteka wengi. Yeye mwenyewe alinusurika kwa kukimbilia meli yake. Vifaa havikupungua, kilichokosekana ni handaki na watu wa kukesha. Weka habari hii kwenye ukurasa mmoja na kushuka kwa mwaka 960, na msomaji ataona tofauti bila kuhubiriwa.

Nikephoros aliwashusha wapanda farasi wakiwa tayari juu ya farasi, kwa mbao zilizoteremshwa kutoka melini hadi mchangani, akawapanga makundi matatu, akawasukuma Waislamu waliokuwa wakimngoja ufuoni hadi ndani ya mji wao. Kisha akachimba handaki, akapanga vigingi, akaweka kambi. Hiyo haikumzuia kupata pigo mapema. Nikephoros Pastilas, kamanda wa jimbo la Thrakesion na askari mwenye makovu ya vita vingi, alitumwa bara na kikosi kwenda kupeleleza. Watu wake walikuta nchi yenye shibe, wakatawanyika, wakala na kunywa mvinyo, na Waislamu waliokuwa wakiwatazama kutoka milimani wakawashukia. Pastilas alikufa akipigana, na wachache tu walirudi kambini. Lipe tukio hili nafasi ya kutosha. Linaonyesha kwamba kosa la mwaka 949 lilikuwa bado linawezekana hata chini ya jemadari hodari, na kwamba tofauti ilikuwa ni kuwapo kwa mahali pa kurudi. Baada ya hapo Nikephoros mwenyewe alitoka usiku na wenyeji waliomwonyesha njia, akalivamia jeshi la milimani, na kwa amri yake vichwa vya waliouawa vililetwa mbele ya mji; vingine vikachomekwa kwenye mikuki, vingine vikarushwa kwa mitambo ndani ya kuta. Usikwepe kuliandika hilo, wala usilinogeshe. Lilifanywa kwa makusudi, ili waliomo ndani wajue kwamba hakuna jeshi linalokuja kutoka milimani.

Majira ya baridi ndiyo moyo wa msafara, na simulizi nyingi huyapita kwa mistari miwili kwa sababu ndani yake hapakuwa na shambulio kubwa. Jaribio la mwanzo la kuuvamia mji lilishindwa, Nikephoros akaamua kungoja na kutengeneza mitambo. Mvua na baridi vikaja, chakula kikapungua, na askari waliokuwa wamezoea kurudi makwao kila vuli wakaanza kunung'unika na kutaka meli ziwarudishe. Wakati huo huo nafaka ilikuwa adimu hata Konstantinopoli. Jeshi liliokolewa na shehena ya chakula iliyotumwa na Bringas. Hapo ndipo utakapokuta waandishi wako wakigawanyika: anayempenda Nikephoros atakupa hotuba ya jemadari akiwatuliza askari, anayempenda Bringas atakupa meli za nafaka. Mimi naona vyote viwili vilihitajika, lakini ukinilazimisha kuchagua, nitachagua nafaka, kwa kuwa hotuba haimshibishi mtu tangu Novemba hadi Machi.

Andika pia kilichotokea kwingineko katika miezi hiyo, kwani jeshi lililo Krete ni jeshi lisilo mpakani. Sayf ad-Dawla, amiri wa Halab (Aleppo ya Shamu) na adui mkubwa wa Wabizanti upande wa mashariki, alitumia nafasi hiyo kuingia ndani ya Asia Ndogo mwaka 960. Leo Phokas, ndugu yake Nikephoros, akiwa na watu wachache alimngoja njiani wakati wa kurudi, na tarehe 8 Novemba alimvunja katika mlango wa milima wa Andrassos; amiri mwenyewe aliponea chupuchupu. Siku ile ingekwenda vingine, yawezekana kabisa kwamba jeshi lingeitwa kutoka Krete na Chandax ingebaki.

Ingia ndani ya mji

Msafara una pande mbili, na waliozingirwa wasiwe kivuli ukutani. Wakrete walituma watu kuomba msaada, kwanza Misri kwa Waikhshidi, nasaba iliyoitawala nchi hiyo, ambako Kafur ndiye aliyekuwa na neno la mwisho, kisha kwa al-Mu'izz, khalifa wa Wafatimiya katika Tunisia ya leo. Khalifa huyu alikuwa na mkataba wa amani na Konstantinopoli, na Wakrete walikuwa wamewatambua Waabbasi, makhalifa wa Baghdad, mahasimu wake. Hata hivyo aliandika kwa Misri akipendekeza kwamba meli za nchi zote mbili zikutane Tulmaytha, kwenye pwani ya Libya ya leo, tarehe 1 Rabi' ath-thani 350, yaani Mfungo Saba. Ibadilishe tarehe hiyo uone: ni 20 Mei 961. Mji ulikuwa umeanguka zaidi ya miezi miwili kabla. Jambo kama hili halihitaji neno la ziada kutoka kwako. Liweke mahali pake katika mfuatano wa tarehe na liache lifanye kazi. Ukitaka kueleza sababu, eleza kwamba Misri na Wafatimiya walikuwa wakigombea Misri yenyewe, na kwamba kila upande ulikuwa na haki ya kuogopa meli za mwenzake. Yahya anasimulia pia kwamba habari za Krete zilizua ghasia Misri na Wakristo wa huko wakashambuliwa, watu ambao hawakuwa na mkono katika mzingiro ule.

Kuhusu ukuta wenyewe, tumia maelezo ya Leo ukimtaja kwa jina: ukuta mpana kiasi cha magari mawili ya kukokotwa kupishana juu yake, uliojengwa kwa udongo uliochanganywa na manyoya ya mbuzi na nguruwe, ukiwa na mahandaki mawili mbele yake. Mwezi Machi kondoo wa kubomolea, yaani gogo zito la kugongea ukuta, alipokuwa akiupiga kwa juu, wachimbaji walikuwa chini ya misingi wakiutegemeza kwa magogo waliyoyatia moto, na minara miwili ikaporomoka pamoja na kipande cha ukuta kilichokuwa kati yake. Watetezi walijipanga kwenye pengo, wakapigana, wakarudi nyuma mtaa kwa mtaa. Leo Shemasi anadai kwamba Nikephoros aliwazuia askari wake wasiwaue waliosalimu amri. Liandike kuwa dai la mtu aliyempenda, na kando yake uandike kwamba mji uliporwa na wakazi wengi waliuawa au kuchukuliwa utumwani, jambo ambalo hakuna upande unaolikana.

Usikate habari tarehe 6 Machi

Nikephoros alijaribu kuuhamisha mji: alijenga ngome ya Temenos kwenye kilima kilichoko bara ili watu wahamie huko, lakini bandari iliwavuta, na Chandax ikakaliwa tena. Mtawa Nikon, aliyejulikana kwa mahubiri ya kutubu, alikwenda kisiwani kuhubiri kwa miaka kadhaa. Hiyo ni dalili kwamba wakazi wengi walikuwa Waislamu, au Wakristo ambao imani yao kanisa liliitilia shaka. Sehemu ya mali iliyotekwa ilikwenda Mlima Athos, mlima wa watawa huko Ugiriki, ambako Athanasios, rafiki wa Nikephoros aliyekuwa amemfuata hadi Krete, alianzisha monasteri ya Lavra mwaka 963. Ukifuata fedha utafahamu vita vilimnufaisha nani, na hapa njia ya fedha iko wazi kuliko kawaida.

Fuata pia watu. Abd al-Aziz alipelekwa Konstantinopoli, akaonyeshwa katika gwaride la ushindi, kisha akapewa ardhi ya kuishi na jamaa yake. Heshima za baraza hakupewa, kwa kuwa alikataa kubatizwa. Mwanawe an-Nu'man aliingia katika jeshi la waliomteka baba yake, na mwaka 971 aliuawa Dorostolon, kwenye mto Danube, akipigana na Warusi kwa upande wa kaisari. Hapo ndipo ningeikomesha simulizi, mwaka 971. Kisha rudi kwenye jedwali lako la safu nne, upitie rasimu sentensi kwa sentensi, na kila sentensi isiyo na jina la mwandishi wa kale, hati, au sarafu kwenye safu ya tatu uiondoe, au uiandike upya kama maoni yako mwenyewe.